Fundi Asiyejulikana wa Kwemtindi

…upawa, jamani, upawa wa kuchotea mchuzi ndiyo gia! Unausukuma mbele, figa linaingia gia namba moja. Unauvuta nyuma taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, linaingia namba mbili. Namba tatu ipo, ila tangu upawa ufungwe hajatokea dereva mwenye haraka ya kiasi hicho.

Na hilo ni figa namba nne tu. Mkaguzi Nakijwa aliandika upawa kwenye fomu, safu ya tisa, "aina ya kipuri", akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Alipoinama kuiokota akaona alama ya kuungua kwenye mpini. Akaujua upawa ule, akalijua na jiko ulikotoka. Kicheko kikamkauka hapo hapo, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Ngoja tuanze vizuri, maana habari hii imejaa mpaka shingoni na isipopangwa itatoka yenyewe.

Kuna nchi moja, jina lake tuliache, wenyewe wanalibadilisha kila wakipata mhuri mpya. Ni nchi nzuri, ina utulivu, ina milima, na ina Wizara ya Mwendo na Mafiko. Wizara iko bondeni. Milima iko juu. Katikati hakuna barabara, kuna ahadi ya barabara, nayo wakati wa mvua inateleza sana.

Miaka thelathini iliyopita nchi rafiki iliwazawadia pikipiki ishirini na nne za kupanda milima, zenye matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, yamevimba kama maandazi ya Idi. Huko kwa rafiki zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sababu zinapindua watu, na rafiki akaona bora zipindue watu wa mbali. Wananchi walishukuru kwa ngoma siku mbili. Watu wa milimani walipoona zinavyosimama kwa matatu wakaziita mafiga, na jina likashika mpaka likaingia kwenye barua za serikali.

Mafiga ndiyo yanayopandisha dawa zahanati, madaftari shuleni, na mkunga pale anapohitajika. Vipuri viliisha mwaka wa pili. Wizara ikawaandikia rafiki kuomba vingine, jibu likaja baada ya miaka kumi na mmoja, na ndani ya bahasha kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Lakini mafiga hayakusimama. Kumi na tisa yalikuwa bado yanapanda mlima kila siku ya Mungu, na hakuna mtu wizarani aliyejiuliza yanapandaje, mpaka walipoajiri watu wa kujiuliza.

Mmoja wa walioajiriwa ndiye huyu Nakijwa. Miaka ishirini na nne, mhitimu wa Chuo cha Taifa cha Viwango, kiatu cha kisigino, cheo chake kirefu kuliko meza yake: Mkaguzi Msaidizi Mtarajiwa wa Marekebisho Yasiyo Rasmi. Hilo neno "mtarajiwa" lingefutwa akikamilisha ripoti moja. Akapangiwa karakana ya mafiga ya Kwemtindi.

Kanuni inasema mkaguzi asipangiwe kijijini kwao. Ila kwenye faili la Nakijwa mahali pa kuzaliwa paliandikwa hospitali ya bondeni, kwa sababu ndiko mama yake alikoshushwa na figa namba kumi na sita usiku ule wa uchungu. Kwa mujibu wa wizara, basi, Nakijwa alitokea wodini na kwao ni wodini. Kwemtindi alikokulia ilikuwa ugenini.

Na fundi wa karakana ya Kwemtindi, fundi pekee, aliyeyashika mafiga yote kumi na tisa kwa mikono yake, alikuwa mama yake mzazi.

*

Mama huyu hakusomea ufundi. Alikuwa mama lishe, anapika nje ya geti la karakana, wali maharage na mchicha. Siku moja figa namba nne lilikatika mti wa gia mbele ya jiko lake, madereva wakaanza kubishana, chakula kinapoa, mama akachoka kuwasikiliza. Akachomoa upawa kwenye sufuria, akaufuta kwa kanga, akauingiza pale penye tundu, akaufunga kwa mpira wa tyubu, akawaambia sasa njooni mle. Wakala. Kesho yake wakaleta la pili.

Toka hapo jiko lilihamia karakana kidogo kidogo. Kichujio cha chai kikawa chujio la petroli. Kiti cha figa namba tisa kikawa mfuniko wa sufuria kubwa, wenye mto wa nguo kuukuu, na likisimama ghafla mfuniko unalia kama mpishi amekasirika. Figa namba kumi na mbili tairi lake la mbele lilipasuka lisizibike, mama akalijaza magunzi na maganda ya mahindi, akalishona kwa kamba ya katani. Linakwenda vizuri, tatizo ni mbuzi. Wanalifuata mpaka zahanati na kusubiri nje.

Breki ya figa namba moja ni kandambili. Dereva anaivua ya kushoto na kuikandamiza kati ya tairi na bati. Mteremko ukizidi anaongeza ya kulia. Kwenye mteremko wa Kwa Mashaka anaomba na za abiria, ndiyo maana mtu aliyevaa viatu vya kufunga hapandishwi figa namba moja hata awe diwani.

Taa ya namba kumi na tano ni tochi. Ikifika kona, abiria anaigeuza kwa mkono. Kwa hiyo abiria lazima awe anaijua njia, na kama anaijua kweli basi ndiye anayeendesha, dereva anashika tu usukani.

Chekesho ndilo hilo, na Nakijwa alilijua lote tangu utoto. Alikua ananusa petroli na kitunguu kwenye kanga moja. Akiwa darasa la tano aliona fahari. Alipofika chuoni, wenzake walipouliza mama anafanya kazi gani, alisema yuko wizarani, upande wa uhandisi. Haukuwa uongo wa moja kwa moja: mafiga ni mali ya wizara, na mama alikuwa chini yake. Siku ya mahafali alimpigia simu na kumwambia wazazi hawaruhusiwi, kuna ugonjwa wa macho. Mama akampa pole na kumwuliza kama yeye macho yake ni mazima.

*

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na safu sitini na mbili, na kanuni ilisema hakuna safu inayoachwa wazi. Safu ya ishirini na tatu iliuliza tarehe ya mwisho wa matumizi ya kipuri. Eksozi ya figa namba saba ni kopo la maziwa ya watoto, na tarehe iko chini ya kopo, Nakijwa akaiandika kama alivyofundishwa. Baadaye wizara ilijibu kwa barua ya haraka: eksozi hiyo imepitwa na muda kwa miaka tisa, isipewe mtoto wa chini ya miezi sita.

Akajaza safu ya kwanza mpaka ya sitini kwa siku nne. Madereva walimpisha kwa adabu. Wote walimjua, wengine walimbeba mgongoni akiwa na kamasi, lakini walipoona kisigino na kitambulisho cha shingoni wakasubiri yeye ndiye aanze. Hakuanza. Akalala nyumba ya wageni. Mama alimpelekea kikapu cha ndizi kupitia kwa Kaniki, dereva wa figa namba nne, na Nakijwa akaagiza shukrani.

Halafu ikafika safu ya sitini na moja: jina la fundi.

Sasa hapa lazima ujue kitu. Kwemtindi mwanamke akishazaa, jina lake la utotoni linawekwa kabatini. Ataitwa kwa mtoto wake wa kwanza mpaka anaingia kaburini, na hiyo ndiyo heshima yake na anwani yake, hata barua ndivyo zinavyomfikia. Fundi wa mafiga aliitwa Mama Nakijwa. Madereva walimwita hivyo, zahanati, shule, mpaka wauzaji wa sokoni. Jina lingine hakuna aliyelijua. Kwa hiyo kuandika jina la fundi ilikuwa kuandika jina lake mwenyewe Nakijwa, kwa mwandiko wake, chini ya upawa, kopo na kandambili.

Na safu ya sitini na mbili iliuliza: uhusiano wa fundi na mkaguzi.

Usidhani angefukuzwa. Kanuni ilikuwa wazi kabisa, ukiwa na uhusiano unaandika, analetwa mkaguzi mwingine, wewe unapelekwa karakana nyingine, basi. Hakukuwa na cha kupoteza. Alichokiona Nakijwa ni wenzake wa chuo, ambao sasa wamekaa ghorofa ya pili ya wizara wakipokea fomu, wakisoma kwa sauti na kugonga meza kwa kucheka, kisha mmoja anafika safu ya mwisho na kunyamaza.

Akaandika: Hajulikani. Na chini yake: Hakuna.

*

Ripoti ilipendwa mno. Ilipanda ghorofa hadi ghorofa mpaka ikamfikia Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sengeleti, mtu mwenye udaktari wa heshima kutoka vyuo vinne na mmoja alioupata kwa makosa akakataa kuurudisha. Akataka kuyaona mafiga kwa macho yake. Akaja Kwemtindi kwa helikopta, maana barabara bado ilikuwa ahadi.

Alizunguka karakana akishangilia kila kitu. Aliukoroga upawa. Alilipapasa tairi la magunzi, akapiga picha na mbuzi. Akafika figa namba nane, lililokuwa limeinuliwa juu ya matofali, na chini yake miguu miwili ya mwanamke imechomoza, peku, visigino vyenye nyufa za vumbi, na kidole gumba kikicheza kufuata wimbo ambao mwenyewe alikuwa anauimba puani.

Waziri akauliza huyu ni nani. Karakana nzima ikamgeukia Nakijwa. Si kwa ubaya, walimgeukia kama watu wanavyomgeukia mwenye mgeni wake ili amtambulishe. Kaniki hata alikuwa ameanza kutabasamu.

"Ni mama lishe wa hapa nje," Nakijwa alisema. "Mimi simjui, Mheshimiwa."

Kidole gumba kikaacha kucheza.

Waziri akacheka, akasema hata mama lishe wanapenda maendeleo, akasogea kwenye figa namba tisa. Nakijwa akamfuata na fomu zake kifuani, masikio yanamwaka. Alitaka sana mtu yeyote aseme kitu. Kaniki alikuwa anafuta upawa kwa kitambaa, anaufuta na kuufuta, hataki kuinua macho.

Mchana ule walipewa chakula chini ya bati la karakana. Mama alipakua mwenyewe. Alipomfikia Nakijwa alimwekea finyango mbili na ukoko kidogo pembeni, kwa sababu anajua anavyopenda ukoko, akasema, "Karibu, mheshimiwa," akapita kwa mtu mwingine.

Nakijwa alikula ukoko ule akiwa haoni sahani.

*

Sasa sikia walichofanya watu wa Kwemtindi, ambao wana adabu kupita kiasi.

Kesho yake asubuhi jirani alipita kwa mama, akasema, "Habari za kuamka, Mama…" akakwama. Mtoto amesema mbele ya serikali kwamba hamjui. Ukiendelea kumwita mama huyu kwa jina la yule binti, ni kama unambambikia mtu wa wizara mzazi. Jirani akamalizia kwa kukohoa. Sokoni wakamwita "wewe mama". Zahanati wakaandika kwenye kadi yake ya dawa ya presha "mteja". Kaniki akajaribu Mama Upawa, akajisikia vibaya, akaliacha.

Ikabidi waitishe kikao cha kijiji, ajenda moja, mama huyu aitwe nani. Wakamwuliza kwa heshima jina lake la zamani, lile la kabla ya kuzaa. Mama akakunja na kukunjua pindo la kanga. Akasema analikumbuka, ila akiitwa hivyo hatageuka, maana waliokuwa wakimwita hivyo wote wameshakufa. Kikao kikaahirishwa.

Nakijwa aliambiwa haya na Kaniki, kwenye simu, wakati yeye yuko bondeni anakabidhiwa kiti kinachozunguka. Neno "mtarajiwa" lilikuwa limefutwa. Kaniki hakumlaumu. Alitaka tu kujua kama wizara ina utaratibu wowote wa mtu aliyepotelewa na jina. Nakijwa akasema ataulizia. Akakata simu, akazunguka na kiti mara moja, akauficha uso kwenye fomu.

*

Wizarani nako mambo yalikuwa yanachemka. Waziri alilala na ile ripoti, akaamka na wazo. Nchi nyingine, alisema, zina mwanajeshi wao asiyejulikana, wamemjengea mnara na kumwekea maua. "Sisi Mungu ametupa Fundi Asiyejulikana. Mafundi wanaojulikana kila taifa linao, na wengi ni wasumbufu. Huyu wetu hajulikani, na mimi kama Waziri nitahakikisha hajulikani milele."

Bunge likapitisha Sheria ya Fundi Asiyejulikana kwa wiki moja, wabunge wote wakiunga mkono na wawili wakilia. Kifungu cha tatu kilisema fundi huyo abaki hajulikani. Kifungu cha nne kilisema yeyote anayemjua aache kumjua ndani ya siku thelathini. Kifungu cha tano ndicho kilikuwa kibaya: kwa kulinda urithi wa taifa, haruhusiwi mtu yeyote anayejulikana kugusa mafiga, isipokuwa Fundi Asiyejulikana mwenyewe, ambaye akitokea akamatwe kwa kujitambulisha.

Askari akasimamishwa kwenye geti la karakana. Mama akarudi nje na sufuria zake. Figa namba mbili likafa wiki ya kwanza. Namba saba likafuata, halafu kumi na tano, halafu namba nane ambalo halikuwahi kushushwa kwenye matofali. Kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa yanatembea matano, na dawa za milimani zilipandishwa kichwani na akina mama wenyewe, saa sita kwa mguu. Wizara ikatoa taarifa kwamba mafiga yapo kwenye kipindi cha maombolezo ya heshima.

Nakijwa akapandishwa cheo. Mkurugenzi Msaidizi wa Kutokujua. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za watu wanaodai wanamjua fundi na kuwajibu kwamba hawamjui. Barua zilikuja nyingi. Walimu waliandika, mkunga aliandika, madereva wote kumi na tisa waliweka dole gumba la oili kwenye karatasi moja. Hakuna barua iliyomtaja mama kwa jina, maana jina hawakuwa nalo tena. Waliandika "yule mama". Nakijwa alizijibu kumi na mbili. Ya kumi na tatu ilimshinda, akaiweka kwenye mkoba, akaanza kwenda nayo nyumbani na kurudi nayo, wiki mbili, kama mtu anayebeba dawa asiyotaka kuimeza.

*

Mnara ulizinduliwa Kwemtindi, siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Ulikuwa figa la zege, kubwa mara tatu ya la kweli, limeinuliwa juu ya matofali ya zege, na chini yake miguu miwili imechomoza. Miguu ilivishwa buti za jeshi, namba arobaini na tano. Kamati ya wataalamu ilikuwa imekaa siku sita na kuamua kwamba kwa kuwa fundi hajulikani, lazima ni mwanaume.

Nakijwa ndiye aliyepangwa kusoma wasifu. Ulikuwa wasifu mfupi, kurasa nane za mambo ambayo hayafahamiki. Pembeni ya jukwaa alikaa Bwana Fumbwe, Karani wa Kumbukumbu, na daftari kubwa la jalada jekundu. Katika nchi ile kilichoandikwa na Bwana Fumbwe ndicho kilichosemwa. Kingine chochote ni upepo umepita mdomoni mwa mtu.

Akapanda. Akaona buti za zege. Ng'ambo ya umati, kwenye moshi wa kuni, akaona kundi la akina mama wanaopikia wageni, na mmoja ameinamia sufuria la pilau, peku kama kawaida yake. Mpishi mwenzake alitaka chumvi, akamgusa begani badala ya kumwita, kwa sababu hakuwa na cha kumwitia.

Huko kuguswa bega ndiko kulikomshinda. Wasifu ukabaki mkononi.

"Fundi huyu namjua," Nakijwa alisema kwenye kipaza sauti. "Ni yule pale anayekoroga pilau. Ni mama yangu."

Pilau likasikika likitokota. Waziri Sengeleti hakukasirika, alikuwa mtu mzoefu. Alisimama, akavaa miwani, akaomba ripoti, akaisoma mbele ya watu taratibu: safu ya sitini na moja, hajulikani, safu ya sitini na mbili, hakuna, sahihi, ya Nakijwa mwenyewe. Akamwonea huruma. Akamweleza, kama baba, kwamba serikali haiwezi kumwamini mtumishi anayesema anajua jambo ambalo mtumishi huyo huyo ameithibitishia serikali kwamba halijui. Mmoja kati ya hao wawili ni mwongo, na yule wa kwanza ana mhuri.

Lakini kwa kuwa sisi ni nchi ya haki, akasema, tumwulize na mwenzake. Wakamleta mama mbele, mkono mmoja bado una mwiko. Waziri akamweleza kifungu cha nne, na adhabu yake, na kwamba kama binti amesema kweli basi ripoti ni ya uongo, binti atavuliwa cheo leo hii, na mahali alipo atatoka na askari.

"Haya mama. Unamjua huyu?"

Mama alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, kuanzia visigino vya viatu mpaka kwenye nywele, kama anavyolitazama figa kabla ya kuamua pa kuanzia.

"Simjui," akasema. "Ila anaonekana hajala. Msimwadhibu, jua limempiga."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa sababu Waziri alipiga. Kaniki hakupiga, aliweka mikono nyuma. Na Nakijwa akabaki pale jukwaani, akagundua kwamba neno lile lile alilolisema yeye siku ile linaweza kusemwa na mtu asiyeona aibu hata kidogo, mtu anayekutupa ili usianguke. Angekuwa amepigwa kofi asingeumia vile. Mama alikuwa ameshageuka, anarudi kwenye sufuria, na njiani watu wanampisha na kufungua midomo kumsalimu, kisha wanaifunga.

Waziri akakata utepe. Bendi ikapiga. Wageni wakaenda kula.

Bwana Fumbwe alikuwa anafunga daftari pale Nakijwa alipomfikia, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Akamwambia afungue, ana la kusema. Bwana Fumbwe akamwonyesha saa: tisa na dakika ishirini na nane, na Kumbukumbu za Taifa zinafungwa saa tisa na nusu. Pia, akaongeza kwa upole, Nakijwa ni mkurugenzi msaidizi, na anachotaka kusema kitamtoa kwenye cheo na pengine kumpeleka ndani. Kwa dakika mbili asijisumbue.

"Andika jina tu," Nakijwa alisema. "Jina la fundi. Andika Mama Nakijwa."

"Na Nakijwa ni nani?"

"Mimi."

"Uhusiano?"

"Kanizaa. Kanilea kwa mafiga hayo hayo. Na nilimkana mbele ya watu, hilo nalo liandike."

Alisema kwa sauti. Mezani vijiko vikasimama. Huko kwenye moshi mama akawa ameinua kichwa, na jirani yake, yule wa kukohoa, akamwinamia na kumwita kwa jina lake, pole pole, kama anajaribu kama bado linawaka. Mama akageuka.

Bwana Fumbwe alitazama saa, akatazama ukurasa, akaandika mstari mmoja na nusu kwa mwandiko wa kubanana. Akapuliza wino. Akauliza kama kuna zaidi, kwa sababu kama kuna zaidi, leo haiwezekani.

"Kuna zaidi," Nakijwa alisema. Barua ya kumi na tatu ilikuwa imeshatoka kwenye mkoba, amemwekea juu ya daftari. "Kuna fomu nzima ya kurudia, na barua kumi na mbili nilizojibu uongo, na mahafali. Kesho saa mbili asubuhi nitakukuta hapa. Mengine yote nitayasema kesho, na yeye nitakuja naye."